Chupa ya Dawa kwenye Injini

Naivo,

Wali umo sufuriani, mchuzi wa majani upashe moto kwanza. Anua nguo mvua ikianza.

Teksi usiiguse! Iko kwenye mlima wa Ambanidia, nimeizuia kwa mawe. Nilikuwa nampeleka mama yako akapasuliwe jicho. Ikafuka moshi wa buluu, taa ya oili ikawaka, injini ikazima. Fundi Rado kaifungua, akatikisa kichwa: “Shemeji, ringi za pistoni zimekwisha. Hiyo dawa aliyomimina mumeo imefanya oili iwe nzito tu. Chuma kilicholika hakioti tena.”

Mwezi mzima nakwambia tubadilishe ringi. Wewe, “Chupa moja inatosha, mke wangu.” Imetosha?

Nimerudi mbio kuchukua kadi ya hospitali ya mama. Ananingoja kwa Rado, tutapanda mlima kwa miguu. Eti, “Usimgombeze mwanangu.” Daktari amekubali kumpokea wa mwisho.

~~Usije, nitakutukana mbele za watu.~~

Njoo hospitali. Akitoka atakuwa amefungwa jicho, na amesema anataka kushikwa mkono na wewe, si na mimi.

Mama watoto