Mzee Koki na Mdomo wa Mtaro Chini ya Maua

Mwaka umetimia Alhamisi hii, mdogo wangu, tangu ulipotutoka, na nyumbani kiti chako bado kiko pale pale karibu na dirisha, utadhani umetoka mara moja kwenda kufunga bomba la jirani.

Wanafunzi walikuita Mzee Koki kwa sababu hukuweza kupita bomba linalovuja bila kuifunga koki yake. Hata siku ya mahafali, umevaa suti, spana ilikuwa mfukoni. Miaka thelathini na mmoja ulitunza majengo na viwanja vya chuo kikuu kile: mapaa, vyoo, vitasa, njia za miguu, nyasi. Profesa akikusalimu ulimuuliza kwanza kama mlango wa ofisi yake unafunga sawasawa, ndipo mkajuliana hali.

Mimi kaka yako nimezunguka sana, nimelala chini ya mapaa ya kila namna, na sijaona mtu aliyehangaikia mapaa ya wenzake kama wewe. Mvua ikianza, watu wakikimbilia ndani, wewe ulivaa viatu vya mpira ukatoka kutazama maji yanapita wapi. Nilikucheka. "Unachunga maji kama mbuzi?"

"Afadhali mbuzi, Kaka," ukanijibu. "Mbuzi akipotea utamsikia analia. Maji yakipotea husikii kitu mpaka yafike."

Mkeo anasema hukuwahi kumpandishia sauti, ila siku moja tu, alipomwaga mafuta ya kupikia kwenye sinki. Tulicheka sana tulipokumbuka hilo. Kisha sote tukawaza jambo moja.

Jambo hilo uliniambia mimi hospitalini, siku tatu kabla hujatutoka, shemeji akiwa ametoka kumtafuta muuguzi. Familia imekubaliana liandikwe hapa. Tunajua wewe usingetaka tulifiche.

Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kukagua chuo. Nyuma ya bweni la wasichana, pale kilima kinapoteremka, kuna mdomo wa mtaro mkuu, shimo la zege lililofunikwa kwa nondo, linalomeza maji yote ya kilima kabla hayajafika bwenini. Lilikuwa baya machoni. Ukaambiwa lifichwe. Ulibisha siku mbili, ya tatu ukachoka. Ukalaza bati juu ya nondo, vibarua wawili wakamwaga udongo, mkapanda maua mekundu. "Wiki moja tu, Kaka. Wageni wakiondoka nafukua." Wageni hawajafika hata getini, kifua kikakulaza kitandani.

"Umepachora mahali penyewe?" nilikuuliza.

"Nichore ya nini? Ramani yote ninayo kichwani."

Ukasikia ulichosema. "Hatua kumi na mbili kutoka kona ya bweni. Kwenye maua mekundu. Fukueni."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe, ndugu yangu, kosa lako pekee ninalolijua lilikuwa kuziba.

Nami nina langu. Nilikuzika, nikasema nitakwenda chuoni wiki ijayo, kisha miguu yangu ikawasha kama kawaida yake, nikashika njia. Nimerudi baada ya miezi kumi na moja. Mvua ya msimu uliopita ilikuwa ya kunyunyiza tu, nikajipa moyo kuwa hakijaharibika kitu.

Msimamizi mpya wa majengo ni mama mwenye adabu na akili. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, nionyeshe mahali, nachimba leo hii. Lakini unaniambia maua mekundu. Hebu tazama dirishani."

Nikatazama. Wageni waliyapenda maua yako. Waliyasifu mpaka chuo kikaongeza. Sasa ni matuta kumi na manne, kilima kizima chekundu kutoka juu hadi chini.

"Hatua kumi na mbili kutoka kona," nikasema.

"Kona ipi? Bweni limeongezwa varanda pande zote. Kona aliyoijua fundi iko ndani ya zege." Akashusha sauti. "Na nikifumua kilima chote, mvua ikinikuta udongo uko wazi, utateremka wote juu ya watoto. Angenichorea hata nyuma ya risiti, mzee!"

"Angekuchorea, mwanangu. Hakuwahi kukosea mpaka siku ile."

Kitinda mimba wako aliingia chuo mwaka huu. Wamempa bweni hilo hilo, ghorofa ya chini, chumba cha tatu. Nilikwenda kumsalimia.

"Baba mkubwa, ukuta wetu unatoa jasho."

"Jasho la nini, na hili jua?"

"Njoo uguse."

Niligusa. Ulikuwa baridi, na kiganja kilirudi kimelowa. Mlango wa chumba hauingii tena kwenye fremu yake. Mwenzake wa kitanda cha juu akasema, "Babu, usiogope, sisi tuna maji ya bure, tunasubiri kufungiwa koki tu." Wakaangua kicheko. Hawajui koki ni jina la nani katika nyumba yetu. Binti yako hakucheka.

Nilimwambia ahame. Akanijibu kwa sauti yako ile ya taratibu: "Tuko ishirini ghorofa ya chini. Nikihama peke yangu, baba angeniuliza nini?" Msimamizi ameomba wote wahamishwe. Amejibiwa kwamba ghorofa za juu zimejaa, asubiri wiki ijayo.

Ametukubalia kitu kimoja: tuchome udongo kwa nondo nyembamba, tuta baada ya tuta, tukisikiliza kama itagonga bati. Tumemaliza matuta tisa. Hakuna kilichogonga. Kwenye tuta la nane nondo ilizama yote mpaka mkononi, yenyewe, bila kusukumwa, ikatoka na matope mabichi, ilhali hakujanyesha kwa wiki saba. Mwanao mkubwa, ambaye ni dereva na si mtu wa kuogopa, aliniangalia, akajifuta mikono, akahamia tuta linalofuata.

Wanaopajua ni wale vibarua wawili. Ulisema mmoja ni mrefu, havui kofia ya sufu hata juani. Wa pili ulimwita Kijiko, kwa kuwa alishika koleo kama mtu anayekoroga chai. Majina yao halisi hayako kwenye karatasi yoyote. Kama wanasoma hapa, au wanasomewa, wajue kwamba hukuwalaumu, na sisi hatuwalaumu. Walifanya walichoambiwa. Waje tu wanyooshe kidole. Na asiyewajua ila anamjua mtu anayewajua, ampelekee habari hii leo, asingoje kesho.

Redio imesema mvua itaanza Jumapili, na si ya kunyunyiza. Mawingu yamekaa juu ya kilima tangu Jumatatu, hayasogei.

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye ameshona mifuko ya mchanga mpaka vidole vimevimba. Mwanao mkubwa na mke wake. Dada yetu, aliyefunga duka lake kuja kushika nondo. Kitinda mimba wako, ambaye hadi tunaandika haya bado yuko chumba cha tatu. Na mimi kaka yako, ambaye safari hii siondoki. Utatuona kilimani kila siku kuanzia alfajiri. Matuta matano yamebaki.

Kukusahau wewe, ndugu yetu, hatutaweza milele. Tunachotafuta ni mtu mmoja tu anayekumbuka mahali.