Des Amerudi, na Bia Nyeusi Bado Haijaiva

Mtaa wa Bright,
Cobden, Greymouth.
Alhamisi, 26 Agosti 1993.

Mpendwa mdogo wangu Colleen,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi kutoka huku kwenye mvua. U hali gani? Barry mgongo umepoa, au bado anateremka mgodini amejipinda kama msumari mbovu? Na Janine na Craig, masomo yanakwendaje? Uliniandikia kwamba huko Kalgoorlie vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye kopo la unga. Huku ni kinyume chake. Nafuta ukungu ukutani asubuhi, jioni umeota tena.

Sisi tu wazima. Trevor alipasuliwa goti mwezi wa sita na daktari amemkataza kutembea mpaka klabuni, kwa hiyo amehamia dirishani sebuleni. Hakuna anayepita mtaa huu bila kusemwa. Upepo wa mtoni, Kinyozi wetu, umevuma wiki nzima na kutunyoa masikio.

Ukiona mwandiko umekwenda upande unisamehe. Niko kwenye meza ya jikoni na kila gari likipita nainuka. Sababu nitakueleza, lakini lazima nianze mwanzo.

Des amerudi.

Najua umeiweka barua chini. Ichukue tena, tafadhali, mdogo wangu.

Kaka yako alituma kadi mwezi uliopita, mistari miwili tu: ameacha kazi ya meli za uvuvi kule Bluff, na je, anaweza kupita kwetu. Hakutaja siku. Unanijua nilivyo nikipewa jambo lisilo na siku. Nilifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nilihamisha kabati la chumba cha nyuma, nikaliona baya, nikalirudisha. Trevor akaniambia, "Mke wangu, kaa chini, unanitia kizunguzungu."

Basi nikageukia lile sanduku la kutengenezea bia. Donna wetu alimnunulia baba yake siku ya kuzaliwa kwake ili asiikumbuke klabu: ndoo kubwa yenye bomba, kopo la kimea, pakiti ya hamira na karatasi ya maelezo. Trevor aliisoma karatasi mara moja, akasema inataka kazi nyingi kuliko mgodi, akaliacha sanduku chini ya ngazi. Kopo lilikuwa la bia nyeusi, Colleen, kama ile ya Baba. Nikasema vema, Des akija atakuta kitu cha nyumbani.

Si kazi ngumu. Unapasha kopo kwenye maji ya moto mpaka kimea, kizito kama asali nyeusi, kilegee, unakimimina kwenye ndoo, unatia sukari, maji ya moto, halafu maji ya baridi mpaka kwenye alama, unanyunyiza hamira na kufunika. Nyumba nzima ilinuka kama chumba chetu cha kufulia Jumamosi, Baba akipika bia yake. Nilisimama pale nikiwa na mwiko mkononi, nikamwona Baba kabisa, na kofia yake.

Kesho yake kile kibomba juu ya kifuniko kilianza kupumua: bluku, bluku. Nilifurahi kama mtoto. Siku ya tatu kikanyamaza. Jikoni kulikuwa na baridi ya kuuma vidole, na mimi, badala ya kutulia, nilikuwa nafunua kifuniko kila nikipita. Naangalia, nafunika. Trevor ananipigia kelele kutoka sebuleni, "Umeiamsha? Sasa ibembeleze ilale tena!"

Hapo ndipo Des alipotokea. Sikusikia hodi. Niligeuka na kifuniko mkononi, nikamkuta mlangoni amelowa chapachapa, amekonda, ndevu zimeingia mvi, mfuko mmoja begani. Hakusema hujambo. Alisema, "Dada, funika hiyo. Utaiua."

Nilicheka, nikalia, nikafunika. Trevor akaja akichechemea na kusema, "Shemeji! Umenusa bia kutoka Bluff?" Des akacheka kidogo tu. Niliona ni uchovu wa safari.

Alivua koti, akaikoroga bia taratibu kwa mwiko uliochemshwa. Halafu akaibeba ndoo mpaka kwenye kabati la tangi la maji ya moto, akaizungushia blanketi. Mimi namuuliza, sasa je, sasa tunafanya nini? Akasema, "Sasa hatufanyi kitu." Nikamwambia hilo ndilo nisiloliweza. "Najua," akasema. "Nenda kapike."

Iliamka asubuhi. Tangu hapo akaichukua yeye. Kila asubuhi alikwenda kusikiliza kabatini, na ilipotulia alichota kidogo, akatia kile kipimo, kijiti cha kioo kinachoelea, na kukitazama kwa jicho moja kama Baba. Mimi nilitaka tuitie kwenye chupa siku hiyohiyo. Akakataa. Kesho yake nikamwomba tena, akakataa, kwamba mpaka kipimo kikae palepale siku mbili mfululizo, la sivyo chupa zitapasuka. Nilizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jumapili iliyopita akakubali. Tulipanga chupa sakafuni jikoni, Trevor akakalia kiti kutia sukari kwa kijiko, mimi nikashika bomba, Des akabana vizibo. Tulifanya kazi vizuri sana, Colleen. Tulicheka. Des alimwigiza Baba akimkaripia paka wa jirani, mpaka Trevor akamwaga sukari.

Mwishoni ikabaki kidogo kwenye ndoo. Nikaimimina kwenye glasi, nyeusi, na povu la kahawia, nikampa. "Onja wewe kwanza," nikamwambia, "maana wewe ndiye uliyeiokoa."

Hakuipokea. Alijifuta mikono kwenye suruali. "Mimi nimeacha, dada. Mwaka wa tatu sasa."

Nilisimama na ile glasi nyumbani kwangu mwenyewe nisijue pa kuiweka. Siku zote hizo, mdogo wangu, alikuwa ameinusa na kuipima, mikono imelowa mpaka viwikoni. Na mimi nilimtengenezea kwa upendo!

"Namwaga," nikasema. "Namwaga yote sasa hivi."

"Alaa!" Trevor akaruka, na goti lake. "Utamwaga bia ya mtu kwa sababu mwingine haitaki?"

"Wewe nyamaza."

"Usimwage," Des akasema. Hakupaza sauti. "Nikisema siwezi kukaa kwenye nyumba yenye bia, nitakaa wapi huku? Mpaka padri anayo. Ukimwaga, dada, kesho napanda basi. Sitaki mtembee kwa ncha za vidole kwa ajili yangu."

"Basi kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ulikuwa na furaha," akasema. "Na kazi yenyewe naipenda. Kazi haijawahi kunidhuru."

Tukazipanga chupa kwenye kabati chini ya ngazi. Ni za Trevor na wenzake, lakini zisiguswe mpaka ziive. Des akaufunga mlango mwenyewe. Mimi tangu siku ile silali vizuri. Nasikiliza ngazi.

Sasa nifike leo. Asubuhi Des amekwenda Hokitika kuulizia kazi kwenye kiwanda cha mbao. Alinyoa ndevu, akaazima tai ya Trevor. Alisema atarudi na basi la mchana. Basi la mchana limepita, Colleen. Nilisimama kituoni na mwavuli uliogeuzwa na upepo. Wameshuka wanawake wawili na mvulana mwenye gitaa.

Hapo ndipo nilipoanza barua hii, ili mikono iwe na kazi. Hokitika kuna baa ngapi, wajua. Akinyimwa kazi je? Hata akipewa, rafiki mpya akimwambia twende tukaisherehekee?

Nimeinuka. Nimekwenda kwenye kabati la ngazi, na naona aibu kukuandikia, nikahesabu chupa. Nikahesabu tena. Moja haipo.

Nilikaa kwenye ngazi. Nikasema, basi, yale yale. Nikaiona siku ya arusi yako, wewe umesimama nje ya kanisa la Mtakatifu Patriki na shela lako linapeperuka, tunamngoja kaka akuingize kwa kuwa Baba hayupo, na kaka yuko baa ng'ambo ya barabara hajui leo ni siku gani. Nikamwona Trevor akikushika mkono akiwa na viatu vya tope. Hukulia siku ile. Mimi ndiye niliyelia.

"Unatafuta nini humo?" Trevor akaniita.

"Chupa moja haipo."

Kiti kikalia.

"Trevor?"

"Nimeonja," akasema. "Jana, ulipokwenda dukani. Mtu haonji bia ya nyumbani kwake? Na nikuambie, ni mbaya. Haina hata povu. Tamu kama dawa ya kikohozi."

Colleen, nilimkumbatia yule mwanamume. Nilimkumbatia na kumpiga kwa taulo papo hapo. Akaniuliza kama nimerukwa na akili.

Naacha kidogo, kuna mtu langoni.

Nimerudi. Ni yeye. Giza linaanza kuingia na chai imepoa, lakini lazima nimalize kabla Donna hajapita, maana ndiye atakayeipeleka barua hii posta.

Aliingia kwa mlango wa nyuma akitiririka maji, tai mfukoni. Lori la mbao lilimshusha upande wa pili wa daraja, kipande kilichobaki akatembea. Nilimwendea kumpokea koti, nikamsogelea zaidi ya ilivyohitajika. Aliona. Hakukasirika. Aliinama mpaka uso wake ukafika kwenye wangu.

"Nusa tu, dada. Usione haya."

Akapumua. Siki na viazi vya kukaanga. Hakuna kingine.

Nikamwomba radhi, akasema hapana, kila mtu hunusa, hata bosi wa kiwanda leo alimnusa. Na kazi amepata. Anaanza Jumatatu, kupanga mbao, atakaa kwetu mpaka apate chumba.

"Basi ulikuwa wapi?" nikamuuliza. "Basi limekuja bila wewe!"

Akaketi. Akatoa mfukoni kikaratasi kimelowa mpaka wino umetawanyika. Ilikuwa namba yako, aliinakili kutoka hapa ukutani kando ya simu bila kutuambia. Alipotoka kiwandani aliingia kwenye kibanda cha simu karibu na posta, kwa sababu, anasema, hakutaka Trevor amsikie akikosa la kusema. Alibonyeza namba zote ikabaki moja. Akaweka mkono wa simu chini. Akaanza tena, ikabaki moja. Mama mmoja alikuwa nje akingoja zamu, Des akampisha, kisha akarudi ndani. Basi likaondoka yeye yuko humo anaangalia kitufe.

"Namba gani iliyobaki?" Trevor akauliza. Trevor huyo!

"Saba," Des akasema, na akajifunika uso.

Sikupi maneno yake mengine, ni yake, na akipata nguvu atakuambia mwenyewe. Wala sikuombi umsamehe. Hukuachwa wewe tu siku ile, lakini wewe ndiye uliyekuwa umevaa shela. Hilo nalijua, na nimemwambia.

Ila nimemwahidi kukuandikia, kwa hiyo naandika. Atapiga simu Jumapili ya pili ya Septemba, kutoka hapa kwetu, saa ambayo huko mtakuwa mmetoka kanisani. Trevor nitampeleka kwa jirani, hata kama ni kwa toroli. Mimi nitakaa na Des mpaka abonyeze ile saba.

Ukitaka kuzungumza naye, pokea. Ukitaka kumtukana, pokea vilevile, anasema hilo amelitegemea. Na kama huwezi, mdogo wangu, usipokee, hakuna atakayekulaumu hapa. Nakuomba kitu kimoja tu: usiinyanyue simu na kuikata. Iache ilie. Kaa karibu nayo ukiweza, uiache ilie mpaka ichoke yenyewe, na sisi huku tutakuwa tunaisikiliza pamoja na wewe.

Msalimie Barry, umwambie atumie mafuta niliyotuma. Mbusu Janine na Craig kwa ajili ya shangazi yao... nimesema shangazi, mimi ni mama yao mkubwa! Ona nilivyo leo. Trevor anakusalimu, Donna pia. Des yuko mlangoni na taulo kichwani, ananiuliza kama nimemtaja. Nimemwambia ndiyo.

Mungu awalinde na lile vumbi, awape mvua kidogo katika hii yetu.

Wako akupendaye siku zote,
dada yako,
Noeline