Dole Gumba la Baba

Jumanne, Ilembo

Na bado Baba anasema hakukubali chochote. Eti alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo cha simu.

Barua ya posa ya Shija iliingia jana kwa Wasap. Baba yake mdogo aliiandika kule Sitalike, akaipiga picha na kumtumia Baba. Baba akaifungua, akaisoma, kisha simu yake ikajibu dole gumba. Leo asubuhi wamepiga kuuliza mahari itazungumzwa lini, maana tumeshakubali.

"Posa inajibiwa na watu," Baba akawaambia. "Haijibiwi na kidole." Akakata.

Niliogopa. Nampenda Shija, na Baba akisusa anaweza kususa mwaka mzima.

Mchana kutwa alikaa barazani akiandika jibu kwa mkono, kurasa mbili. Akaniita nilipige picha, nilitume. Nikasoma: "Dhumuni la barua hii ni kukanusha dole gumba la jana. Nyie leteni barua ndani ya bahasha, nami nitajibu ndiyo kwa maandishi."

"Baba, kama ni ndiyo, si niwaambie tu?"

"Uwaambie nini? Hatujapokea barua."

Nikatuma. Shija amejibu kwamba wamezunguka maduka yote ya Sitalike, bahasha hakuna.

Kwa hiyo kesho nitanunua moja hapa mjini na kuwatumia kwa basi, ili nipate kuposwa. Nimeshaamua nitachukua ile kubwa ya kaki, Baba asije akasema ni ndogo.