Kamba ya Ngamia Nimeenda Nayo

Aabo,

Chai iko kwa chupa. Mbuzi hawajakunywa maji, ambia dadangu Leyla. Mimi na Ayeeyo tumeenda hospitali.

Ndio, najua ulikataza. Lakini asubuhi ukiwa msikitini nimempata amefungwa mguu kwa kitanda na kamba ya ngamia. Mama yako, Aabo! Ati juu anatoka alfajiri kukamua ngamia waliokufa na ukame. Si ni ngamia wake? Anawaita kwa majina, mmoja mmoja.

Wewe unasema ni jini. Sheikh mwenyewe alimsomea Kurani, akakuambia huu ni ugonjwa wa kusahau, mpeleke kwa daktari. Ukaogopa watu wa Waberi watasema mama yako ni wazimu. Wacha waseme.

Nisamehe Aabo. Hapana, siombi msamaha.

Njiani ataniita Hanad, ndugu yako marehemu. Mimi huitika tu, anatulia. Jaribu siku moja.

Kamba usiitafute hapa. Daktari akiuliza alama ya mguu, nitamwonyesha. Ukiitaka, kuja uichukue kwake. Utatupata kwa foleni.

Mwanao,
Adow