Kandege kekundu ka pa kinu

Mama mupenzi wa kule Aru kwenye ulikimbilia vita, pokea amani.

Mutoto wako iko na bahati kupita watu wote wa Bunia: nilifika kwetu Djugu, na nyumba ingali inasimama! Hata kale kandege kako iko palepale pa kinu, kekundu mpaka mudomo. Mimi mwenye kufika Kampala sijaona mutu amevaa kostime kama ile! Bibi yake amevaa rangi ya udongo, na matone madogo meupe ku mbavu. Wanaokota ulezi ku miguu ya mama mumoja mwenye kutwanga.

"Papa, unalia juu ya ndege?" yule mama akaniuliza.

"Ni moshi tu."

"Ile inafuata kinu. Watu wakihama, nayo inahama."

Kula vizuri, Mama. Lakini usifunge mizigo. Nilidanganya: kinu ile ni ya hapa Bunia, ku Mudzipela. Kwetu sikufika.