Bega la Gauni Lililoshonwa Mara Mbili

Ndugu yangu Ramadhani,

Arobaini yako imepita, na nimekuja kukushtaki kwako mwenyewe, maana nimwambie nani mwingine? Cherehani yako bado iko kando ya yangu hapa Gitega. Wateja wanakuulizia. Nikiwaambia, wanainamisha vichwa, halafu wanaulizia suruali zao.

Ni kuhusu kitabu chako, kile ulichokiandika kwa mkono. Baba zako wadogo walikishika siku ya khitma, wakasoma kurasa mbili, wakakuta "mimi" ni fundi cherehani aliyekimbiwa na mke. Basi, wakasema umejianika mwenyewe, na kitabu kichomwe moto. Nilipaza sauti msibani, Mungu anisamehe. Niliwaambia "mimi" huyo ni mtu uliyembuni, umempa ufundi wako tu. Si ndivyo ulivyonifundisha humu dukani, tukisubiri pasi ipate moto? "Usimwamini mtu kwa sababu tu ndiye anayesimulia." Tangu vita vianze kaskazini nalikumbuka sana neno hilo. Redio inasema "sisi, sisi," watu wanaitikia, hakuna anayeuliza ni akina nani.

Nikaenda kumsomea mkeo, shemeji Mwamini, ili aone kwamba yule si wewe. Yumo edani, kwa hiyo nilikaa sebuleni na mama yake, yeye akasikiliza nyuma ya pazia. Nilisoma kwa raha, nikiiga sauti yako. Fundi anaapa hajawahi kumnyanyulia mkewe mkono. Ukurasa wa pili anamshonea gauni lililochanika begani. Mbele kidogo anashona bega lile lile tena. Hapo ndipo ulipojivunia sana: uliniambia hutasema kwamba alimpiga, msomaji ajionee mwenyewe.

Nikangoja asifu. Shemeji akasema, "Wewe ulimujua ku duka. Mimi nilimujua ku nyumba. Iyo kitabu inanisema mwanzo mpaka mwisho, na hakuna mutu aliniuliza."

Mama yake akatazama chini. Nikafunga kitabu, nikaaga.

Rama, nakupenda, na nina hasira nawe, sijui kipi kinatangulia. Yule mtu ulimbuni, au ulimjua? Miaka yote nimekusimulia kwa watu kuwa mpole, kumbe nilikuwa nasimulia niliyoyaona nikiwa nimekaa kwenye cherehani.

Kitabu hakitachomwa. Wala sitageuza "mimi" kuwa "yeye", kama baba zako wadogo wanavyonisihi sasa. Nilimtuma mama yake amuulize, na shemeji amekubali kunisimulia yake eda ikiisha, nami nitayaandika baada ya yako, kwa maneno yake, bila kunyoosha hata sentensi moja. Akisema ulikuwa mwema, nitalia kwa furaha. Akisema vingine, nitaandika vilevile.

Mungu akupunguzie adhabu ya kaburi, ndugu yangu. Nitakuombea kila swala. Ila kukutetea, nimeacha.

Hamisi