Maziwa ya Sirad

Garissa,
19 Machi 1998

Kwa Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini umeamka na mgongo mwepesi, na kwamba baridi ya Wundanyi haijakurudishia kile kikohozi. Sisi huku tu wazima. Mkweo Mwadime anaendelea na kazi yake ya idara ya maji, na mjukuu wako Zighe ameota meno mawili ya chini, ananing'ata bila huruma. Jua limerudi, vumbi limerudi, utadhani yale mafuriko tuliyaota.

Barua yako nimeipata. Unasema barabara imefunguka, mabasi yanapita, na unauliza kwa nini sijaja na mtoto nipumzike kama tulivyopatana. Mama, siji. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma.

Nilikuandikia kuhusu Sirad, jirani wa nyuma ya uzio wetu wa mabati, yule aliyeshindwa kutamka Zighe akawa anamwita Sighe. Maji yalipofagia boma lao upande wa Bura walihamia hapa mjini na mbuzi wachache, yeye, mtoto wake Deka anayelingana na Zighe, na mama mkwe wake, mzee Rahmo. Mumewe Olow alikuwa na ngamia huko Liboi, na mpaka leo hajarudi. Tulizoeana kwa vitu vidogo, kaa la moto, chumvi, sindano. Alinicheka kwamba watu wa milimani tunaogopa mbuzi kuliko fisi.

Mwezi wa kumi na mbili malaria ilinilaza, na nilipoinuka maziwa yangu yalikuwa yamebaki matone tu. Madukani hakukuwa na kopo hata moja, kwa kuwa lori hazikupita. Sirad aliona. Alfajiri iliyofuata nikasikia bati linagongwa mara tatu kwa kikombe. Akanipitishia maziwa ya mbuzi kwenye lile tundu la uzio, akasema abaayo, yaani dada, hii ni ya Sighe, usimpe baba yake. Ikawa kila alfajiri, hata Ramadhani ilipoingia na yeye mwenyewe amefunga. Nami, kama ulivyotulea, sikurudisha kikombe kitupu. Nilitia majani ya chai, siku nyingine sukari ya kufuturia.

Siku hizo mifugo ilikuwa ikifa, na watu pia, wengine wakitokwa damu puani. Watu wa afya walipita na kipaza sauti wakionya tusile nyama ya mnyama mgonjwa wala tusinywe maziwa mabichi.

Wiki ya tatu ya Ramadhani, kikombe hakikugonga. Siku ya pili Rahmo akaniita uzioni, Sirad ana homa. Nilienda, namshukuru Mungu kwamba nilienda, lakini nilisimama mlangoni nimejiziba pua kwa leso. Sirad aliniona. Akasema neno kwa Kisomali, na Rahmo akanifasiria kwamba anauliza kama Sighe ameshiba. Nikaitikia kwa kichwa. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, alikuwa ameshazikwa.

Tangu hapo, Mama, nasikia bati likigongwa. Mara tatu, alfajiri. Mwadime hasikii kitu, anasema ni mabati yanatanuka. Mwanzoni nilikuwa natoka, napitisha mkono kwenye tundu, nangoja. Ndipo nikaanza kumpikia Deka uji, nikaupeleka kwa kikombe kile kile, kilichokuwa kimebaki kwangu. Siku ya kwanza niligonga bila kufikiri, mara tatu, na Rahmo akakaa chini mchangani akajifunika uso. Baadaye akaniambia niendelee kugonga vivyo hivyo, kwa sababu Deka akisikia huamka anacheka.

Akina mama wa kanisa wameyajua, wakaniomba nitoe ushuhuda Jumapili juu ya kumpenda jirani. Nilikataa, wakadhani ni unyenyekevu.

Kama ni Wakio anayekusomea, mwambie aishie hapa akupe karatasi. Yaliyobaki yasome mwenyewe kwa miwani yako, polepole.

Maziwa yale Zighe hakuyanywa. Hata tone. Kila alfajiri nilimshukuru Sirad, nikazunguka nyuma ya choo, nikayamwaga na kuyafukia kwa mguu kama paka. Mtoto nilimpa uji wa unga wa msaada. Sikuwa na mdomo wa kumwambia kwamba naogopa, maana kwao ukikataa maziwa umemkataa mtu mwenyewe. Yalikuwa na joto, nikadhani ni joto la kiwele. Sikuonja hata siku moja.

Juzi Rahmo akanisimulia, wala sikumuuliza. Sirad alisikia kipaza sauti kile kile nilichosikia mimi. Kuni zote zilikuwa zimelowa, na makaa waliyokuwa nayo yalitosha sufuria moja ndogo. Akachemsha maziwa ya Zighe mpaka yakafura, kila alfajiri, akisema mtoto wa wageni tumbo lake halijazoea. Deka alikuwa bado ananyonya. Wao wakubwa wakanywa mabichi, kama walivyokunywa maisha yao yote.

Sijui kama ni maziwa yaliyomuua. Mbuzi wagonjwa pia aliwazalisha kwa mikono yake. Hakuna ajuaye. Ninachojua ni kwamba makaa yale niliyamwaga nyuma ya choo.

Na kila siku Rahmo anamfinya Zighe shavu, anasema haya mafuta yote ni ya Sirad, hii na Deka ni ndugu, wamekunywa mbuzi moja. Nami natabasamu.

Kwa hiyo siji, Mama, mpaka Olow arudi kumchukua mwanawe. Hilo Mwadime amekubali. Na Rahmo nitamwambia. Pengine ataliziba lile tundu. Ni haki yake, nami uji nitauweka chini upande wangu, nigonge, niondoke. Barua hii sitaitia posta kabla sijamwambia. Basi ukiishika mkononi, jua nimeshasema.

Nisalimie Wakio, na akina mama wa chama chako. Waambie waniombee, sababu usiwaambie. Zighe anakusalimu kwa meno yake mawili.

Ni mimi binti yako,
Mghoi